Majibu ya Pacha

Tone la kwanza la jasho liliangukia shati la mteja, na hilo Mdogo aliliwahi kwa pasi kabla halijaonekana. La pili liliangukia gauni la harusi.

Gauni lilikuwa jeupe, la hariri, na hariri haina siri. Tone likatanuka pale kifuani likawa doa la ukubwa wa kifungo. Mdogo akalipuliza, akalipepea kwa kiganja, akamtazama pacha wake kwenye meza ya jirani kwa macho ya mtoto aliyevunja sahani. Kabla Mkubwa hajafungua mdomo, Bwana Kola alikuwa ameshafika. Jina hilo msimamizi alipewa na wapiga pasi wenyewe, kwa tabia yake ya kushika kola ya kila shati kwa vidole viwili kama aliyeokota panya mfu.

"Hii ni nini?"

"Jasho, bwana. Nitalitoa sasa hivi."

"Jasho!" Bwana Kola akageuka ili kiwanda kizima kisikie. "Mtu mzima unatokwa na jasho namna hii, umekimbizwa na nani? Bibi harusi wa watu akanukie kwapa la mtu mwingine siku yake?"

Waliokuwa kwenye mashine za kufulia wakacheka. Mdogo naye akajaribu kucheka, maana ukichekwa nawe ukacheka, aibu hupungua. Siku hiyohiyo akapewa barua ya onyo na kuhamishiwa kwenye shuka za hoteli, kazi ya walioingia jana, yeye mwenye miaka kumi na tisa mbele ya meza ya pasi.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na miaka hamsini na moja, hedhi imemkoma mwaka uliotangulia, na joto lilikuwa likimpanda kutoka kifuani hadi usoni mara nane, mara kumi kwa siku, bila hata hodi. Kupiga pasi kwenyewe ni joto. Sasa ongeza na jiko ulilobeba mwilini. Usingizi ulimjia vipande vipande. Mumewe, kinyozi mpole wa maneno machache, alishahamia kwenye godoro la chini, maana shuka zilikuwa zikilowa. Hakuuliza kitu. Kuuliza mambo hayo aliona ni kumvunjia mkewe heshima, na mkewe aliona kuyasema ni kujivunjia mwenyewe. Basi wakaishi hivyo, kila mmoja amekumbatia heshima yake.

Mkubwa hakuwa na subira ya namna hiyo. Alimtangulia Mdogo kuja duniani kwa robo saa tu, lakini robo saa hiyo aliitumia maisha yake yote. Joto lilipomwanza yeye, alivumilia miezi miwili, wa tatu akaenda kwa daktari.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na mtulivu. Alimwambia kwamba zipo dawa za homoni, na kwamba kwa wanawake wengi hazina shida, lakini wapo wachache ambao damu yao huganda upesi, na hao vidonge hivi vinaweza kuwadhuru vibaya. "Ndiyo maana nitakuuliza maswali mengi," alisema. "Usichoke."

"Uliza tu, daktari. Nimeshachoka na joto, siwezi kuchoka na maswali."

Akauliza: moyo, presha, sigara, matiti. Kisha akauliza, "Umewahi kuvimba mguu mmoja, ukauma? Hata zamani sana? Hata baada ya kujifungua?"

Mkubwa akacheka. "Kujifungua! Mimi sijazaa hata paka, daktari."

"Na ndugu zako wa tumbo moja?"

"Wazima wote," akasema Mkubwa, bila kufikiri hata kidogo.

Na hakuwa anadanganya. Ndivyo alivyojua.

* * *

Tangu utotoni mmoja alisimama foleni kwa wawili. Shuleni, siku ya sindano, Mkubwa alidungwa mara mbili kwa kuwa Mdogo alijificha chooni. Dirisha la stakabadhi, zahanati, hata kiwandani: picha iliyo kwenye kitambulisho cha kazi cha Mdogo ni ya Mkubwa, kwa sababu siku ya picha Mdogo alikuwa na homa, na nani angejua? Mama yao aliwahi kusema amezaa mtu mmoja, akaletewa na kivuli chake.

Kwa hiyo siku tatu baada ya lile gauni, wakati wa mapumziko ya mchana, wamekaa kwenye magunia ya shuka chafu nyuma ya kiwanda, Mkubwa alitoa pakiti kwenye mfuko wa aproni.

"Chukua."

"Nini hiki?"

"Kile kilichonipoza mimi. Hukuniuliza mbona siku hizi sijipepei na kadibodi?"

Mdogo akaigeuza ile pakiti. "Si ungeniambia niende mwenyewe?"

"Uende lini? Una barua ya onyo mfukoni. Ukiomba ruhusa wiki hii, Bwana Kola atakupa ruhusa ya moja kwa moja. Tena daktari ana maswali mengi, utaweza wewe kumwambia mtu baki habari za hedhi yako? Wewe ambaye mumeo mwenyewe hujamwambia?"

"Nyoo! Mume wangu na wewe mnahusiana nini?" Lakini alikuwa akitabasamu. "Na hayo maswali uliyosema?"

"Nimeshayajibu."

"Ulijibu yako. Kama yangu ni mengine?"

"Yatakuwaje mengine? Tumelala tumbo moja miezi tisa, hukuwa na nafasi hata ya kujigeuza bila mimi kujua. Kunywa, mwenzangu. Nakuona unavyoteketea, na roho yangu inaniuma."

Roho ilikuwa ikimuuma kweli, hilo lisisahaulike na mtu yeyote. Mdogo akameza kidonge cha kwanza palepale kwa maji ya chupa, akafunga macho kama anayeomba dua.

Baada ya wiki chache Mdogo alirudi kuwa Mdogo. Joto lilipungua hadi mara mbili kwa siku, kisha likawa la kukumbukia tu. Alilala usiku kucha. Kinyozi akapanda tena kitandani bila kuambiwa, na bila kuuliza, lakini asubuhi moja alionekana akipiga mluzi huku akinoa wembe, mtu ambaye hakuwa na mluzi. Juu ya yote, binti yao wa pekee, aliyeolewa mwaka uliopita, alikuja na habari kwamba ana mimba. Mdogo akaanza kufuma soksi za mtoto wakati wa mapumziko, soksi ndogo za manjano, na kila aliyepita alionyeshwa.

"Umenirudishia uhai, dada," alimwambia Mkubwa. Yeye alimwita dada kwa nadra.

* * *

Mwezi wa tatu wa vidonge mguu ukaanza kumuuma.

Alisema ni kusimama. Wapiga pasi wote miguu inawauma. Asiyeumwa mguu pale amekuja kutembea. Siku ya pili akasema ni mshipa umejikaza. Siku ya tatu, wakati wa mapumziko, alivua kiatu na kunyoosha mguu kwenye magunia, na Mkubwa akaona shavu la mguu limejaa, ngozi imetanuka na kung'aa.

"Lete nikukande."

Akauweka mguu wa mwenzake mapajani, akaanza kuukanda kwa viganja viwili, kutoka kifundoni kwenda juu, taratibu. Ulikuwa wa moto. Mdogo akakunja uso, lakini hakuutoa. Akaendelea kufuma soksi.

Mikono ya Mkubwa ilikumbuka kabla kichwa chake hakijakumbuka. Aliwahi kuushika mguu huu. Uzito huu huu, moto huu huu, mguu huu huu wa kushoto. Chumba cha mama yao, beseni la maji ya moto, na mtoto mchanga analia pembeni. Siku kumi baada ya Mdogo kujifungua, mguu ulivimba ukawa mzito kama mti, akalala mwezi mzima, na Mkubwa akaukanda asubuhi na jioni. Hospitali hakwenda. Ulipopungua, mama yao akawaketisha akasema: "Huu ni mguu wa uzazi, umekwisha, na usizungumzwe. Sitaki mtoto huyu akue akiambiwa alikuja kumlemaza mama yake." Na haukuzungumzwa. Miaka ishirini na mitano, wote watatu waliunyamazia kwa mapenzi, mpaka kweli ukasahaulika.

Mkubwa akaondoa mikono kama aliyeshika pasi upande wa moto.

"Mbona umeacha?"

"Mwenzangu. Ulipomzaa Binti."

Mdogo akamtazama. Sindano za kufumia zikasimama. "Weee. Hiyo si iliisha?"

"Daktari aliniuliza. Aliniuliza mguu, Mdogo. Akaniuliza ndugu zangu, nikamwambia wazima wote." Akamvalisha kiatu. "Simama twende hospitali. Sasa hivi."

Walikwenda kwa Bwana Kola pamoja. Alikuwa na malori mawili ya shuka yanayosubiriwa na hoteli kabla ya saa kumi.

"Pacha mmoja anaumwa mguu, pacha wa pili anaumwa nini?"

"Hawezi kwenda peke yake, bwana. Nakuomba. Hili si jambo la mchezo."

"Kila siku si mchezo. Shuka ziishe, saa kumi mwende wote, mkitaka mbebane."

Mkubwa akataka kumjibu, na jibu alikuwa nalo, la kufukuzisha kazi watu wawili. Mdogo akamvuta aproni. "Basi, dada. Ni saa mbili tu. Mguu umeniuma siku tatu, hauwezi kusubiri saa mbili?"

Na Mkubwa akakubali. Baadaye alijiuliza mara elfu kwa nini alikubali, na hakupata jibu jingine zaidi ya hili, kwamba walikuwa wamezoea. Miaka kumi na tisa walikuwa wakiambiwa subiri, nao wakisubiri.

Saa tisa na dakika chache Mdogo aliacha pasi, akashika kifua. Akasema kwa mshangao tu, wala si kwa sauti kubwa, "Pumzi haiji." Kisha akaangukia rundo la shuka alizozikunja mwenyewe.

Bwana Kola ndiye aliyewapeleka, kwa gari lake. Njia nzima alikuwa akisema, "Si mngeniambia? Jamani, si mngeniambia?" na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumkumbusha.

* * *

Kinyozi alifika hospitali na nywele za mteja bado ziko kwenye mikono ya shati. Daktari kijana aliyekuwa zamu alisimama nao nje ya mlango.

"Donge la damu limetoka mguuni likaziba mapafu," alisema. "Tumeanza kumpa dawa. Nahitaji kujua, anatumia dawa gani nyumbani?"

"Hakuna," akasema Kinyozi. "Mke wangu hata kidonge cha kichwa hamezi mpaka umbembeleze."

"Vidonge vya uzazi? Homoni? Chochote?"

"Nimesema hakuna, daktari. Ningejua."

Mkubwa alikuwa ameegemea ukuta. Angeweza kunyamaza. Shemeji yake alikuwa ameshajibu, na kwa heshima.

"Anatumia," akasema. "Za homoni. Miezi mitatu. Mimi nilimpa, zilikuwa zangu. Na mguu huohuo ulimvimba alipojifungua, nami nikasahau kusema."

Daktari akaandika haraka akarudi ndani. Kinyozi akamgeukia shemeji yake. Hakupaza sauti, na laiti angepaza.

"Ulimpa," akasema. "Shemeji. Ulimpa, na mimi nalala naye chumba kimoja sijui."

Siku ya pili Mdogo alipata nafuu kidogo, akaweza kusema maneno mawili matatu, avute hewa kwenye mrija, aseme mengine. Alimtuma mumewe akamletee soksi zilizobaki kiwandani. Mumewe alipotoka, Mdogo akamshika Mkubwa mkono.

"Binti amejua?"

"Anajua vidonge. Baba yake alimwambia."

"Na mguu?"

"Mguu hajui."

"Usimwambie." Akavuta hewa. "Ana mimba. Asije akadhani... yeye ndiye. Niapie."

"Mdogo, tulia, utasema mwenyewe mengine ukipona."

"Niapie, dada."

Mkubwa akaapa. Mdogo akatabasamu, akasema kwamba jambo zuri moja la hospitali hii ni kwamba haina joto. Asubuhi yake, wauguzi wakibadilisha zamu, donge jingine likapanda, na safari hiyo dawa haikuwahi. Walipoleta kitambulisho chake ili waandike, karani wa hospitali alitazama picha, akamtazama Mkubwa, akatazama tena picha. "Samahani," akasema, "aliyefariki ni nani?"

* * *

Msibani Binti hakumtazama mama yake mkubwa hata mara moja. Watu walidhani ni hasira, na hasira ilikuwepo, lakini kulikuwa na jingine. Atamtazamaje? Uso ni uleule. Hata Mkubwa mwenyewe alikuwa ameshageuza kioo cha chumbani kikaangalia ukuta.

Siku ya tatu walikutana mlangoni, hakuna pa kupita.

"Nina swali moja tu," Binti akasema, macho chini. "Mlikunywa dawa moja. Pakiti moja. Mbona wewe haikukuua?"

Jibu Mkubwa alikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni, limekamilika, na lingempunguzia nusu ya mzigo: mama yako alikuwa na mguu, mimi sikuwa nao, mtu asingeweza kujua. Alilimeza kama kidonge.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nisamehe."

"Hujui," Binti akasema, na akapita.

Mkubwa aliacha vidonge. Hakuna aliyemkataza, ila daktari wa miwani, Mkubwa aliporudi kumweleza yaliyotokea, alimwambia kwa huzuni kwamba angekuwa na habari za pacha asingempa vidonge hata yeye, angemtafutia njia nyingine. Joto likarudi. Alijipepea kwa kadibodi mbele ya meza ya pasi, na meza ya jirani iliachwa tupu. Siku moja tone lilidondoka kwenye shati jeupe, Bwana Kola akaliona, akageuza uso akaenda zake. Mkubwa aliona heri angemtukana.

Kisha jioni moja Kinyozi akaja. Alikuwa akija mara moja moja, anakaa, anakunywa maji, anaondoka. Wakati wa kuaga akasema, kwa kuwa lazima mtu aseme kitu, "Alhamisi Binti anaanza kliniki. Ndiyo mara yake ya kwanza."

Mkubwa hakulala. Alijua vizuri nini kitaulizwa pale. Mama yako alipokuzaa, alipata shida? Na Binti atajibu kama yeye alivyojibu, kwa moyo mweupe: hapana, mzima. Upande mmoja ameapa kwa mtu anayekata roho. Upande wa pili kuna mguu wa kushoto wa msichana wa miaka ishirini na mitano, na siku kumi baada ya kujifungua.

"Mdogo," akasema kwenye giza, "umenitia majaribuni, mwenzangu."

* * *

Alhamisi alimkuta Binti kwenye benchi la kliniki, soksi moja ya manjano inachungulia kwenye mkoba wake.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kukusindikiza."

"Sikukuita, mama mkubwa."

"Najua."

Wakakaa na nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Jina lilipoitwa, Binti akainuka, Mkubwa naye akainuka, na Binti hakutaka kugombana mbele za watu. Muuguzi alikuwa mchangamfu, mwili umemjaa, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Aliwatazama akacheka.

"Nyie hamhitaji kujitambulisha! Mama umemfyatua kama tofali. Afadhali umekuja mwenyewe, hawa vijana ukiwauliza mambo ya nyumbani wanasema sijui tu." Akashusha kalamu. "Haya mama, ulipomzaa huyu, ulipata shida yoyote?"

Binti akafumba macho. Mkubwa alikuwa amemjibia Mdogo tangu wakiwa wadogo. Ndiyo, mimi ndiye. Picha, sindano, foleni. Lilikuwa jambo jepesi kuliko yote maishani mwake.

"Si mimi," akasema. "Mama yake amefariki. Mimi ni pacha wake. Sikuzaa."

Tabasamu la muuguzi likaondoka. "Pole. Poleni sana. Basi hatujui kama..."

"Tunajua. Alipata. Siku kumi baada ya kumzaa huyu, mguu mmoja ulimvimba, wa moto, akalala mwezi mzima. Ilikuwa damu imeganda, na hatukumpeleka hospitali. Damu hiyohiyo ndiyo iliyomuua juzi, nilipompa vidonge vyangu. Andika yote."

Muuguzi akaandika. Binti alikuwa amefumbua macho, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa akimtazama Mkubwa usoni, moja kwa moja, na machozi yakimtoka.

"Baada ya kunizaa mimi?"

"Baada ya kukuzaa."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Hapana. Ndivyo alivyoogopa utasema. Aliniapisha nisikwambie, na nimekuja kuvunja kiapo cha marehemu kwa sababu yako, kwa hiyo usinipotezee bure. Wewe ulizaliwa tu. Aliyeulizwa akasema wazima wote ni mimi."

"Nilikuuliza mlangoni," Binti akasema. "Ungesema. Ungejitetea."

Joto lilikuwa limempanda Mkubwa usoni, jasho linamtiririka hadi shingoni, na hakuwa na kadibodi. Binti akachukua kadi yake ya kliniki mezani, akaanza kumpepea nayo, polepole, huku analia.

"Samahani, mama," muuguzi akasema kwa sauti ya chini, "hapa kwenye fomu panataka. Ulikuwa mguu upi?"

Mkubwa akaunyoosha mguu wake mwenyewe wa kushoto, akauonyesha, maana hapakuwa na mwingine wa kuonyesha.

"Kama huu," akasema. "Lakini ulikuwa wa kwake."